Chupa Ndani ya Ukuta, Chupa Nje ya Ukuta

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mombasa. Mji wa Kale, Fort Jesus, Mama Ngina, Likoni kwa feri, na muda ukibaki twavuka daraja la Nyali twaenda mpaka Bamburi. Na katika maswali yote ninayoulizwa, linalorudi kila msimu ni hili, je naweza kutembea na bia yangu mkononi? Mjerumani auliza kwa upole tu, manake kwao mtu akitoka kazini akafungua bia njiani kwenda nyumbani ni jambo la kawaida kabisa. Mmarekani auliza kwa woga, kwao chupa iliyofunguliwa barabarani ni kosa karibu kila mahali. Mkenya mwenzangu aliyeshuka na treni ya SGR Ijumaa jioni haulizi, yeye akaa zake pale Mama Ngina afungua mkebe, upepo wampiga, ameridhika, na mimi hapo nishaanza kuangaza macho nione askari wako wapi.

Mimi sinywi. Sijawahi na sina mpango. Lakini jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi kwa sababu baba yangu ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, na mama yangu ni Mgiriama wa Kaloleni, binti wa mgema, kwa hivyo nimelelewa upande ambao pombe haitajwi mezani na likizo nikipelekwa upande ambao pombe inamwagwa chini kwanza ili waliokufa wapate yao. Na nikiangalia sheria inavyowashika watu hapa mjini, na nikisikiliza wageni wakinieleza ya kwao, naona kitu kimoja kinajirudia karibu kila nchi: anayekamatwa kwa kunywa hadharani mara nyingi ni yule asiyekuwa na ukuta wa kukaa nyuma yake. Hilo ndilo nataka kulisema leo na nitalisema kwa urefu, manake naona watu wanaliongea nusu nusu, huyu ashika dini, huyu ashika utalii, huyu ashika heshima.

Twanze na sheria, kwa sababu wengi twaiongea bila kuisoma. Sheria ya Kudhibiti Vileo ni ya 2010, na mitaani twaijua kama sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ndiyo iliyoleta masaa, baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, wikendi na sikukuu ianze saa nane mchana. Ndiyo iliyoweka mita 300 kati ya baa na shule. Ndiyo pia iliyofuta ile sheria ya zamani ya kupiga marufuku chang'aa, ikasema chang'aa ni halali bora itengenezwe kwa viwango na iuzwe na mwenye leseni. Sasa ingia ndani utafute kosa la ulevi wa barabarani, utakutana na kifungu cha 33, nacho chazungumzia mtu aliyelewa hajiwezi, ama aliyelewa akafanya fujo, akiwa barabarani, dukani, hotelini ama mahali popote pa umma. Anaweza kukamatwa bila waranti, afikishwe kwa hakimu, faini isiyozidi shilingi 500 ama kifungo kisichozidi miezi mitatu, ama vyote viwili.

Kisome tena pole pole. Kinachoshtakiwa pale ni hali ya mtu na tabia yake. Aliyekaa kimya na mkebe mmoja haingii hapo kirahisi. Lakini nani aamuaye kwamba umelewa hujiwezi? Ni yule aliyesimama mbele yako saa nne usiku na tochi. Na mia tano ni kitu kwa nani? Mtu aliyetoka hotelini Nyali akajikwaa mtaroni atashikwa mkono na walinzi mpaka kwenye teksi, wataulizana analala chumba gani. Hamali wa Marikiti aliyesukuma mkokoteni tangu alfajiri, akachukua kipimo chake akalala papo hapo kando ya gari lake, huyo ndiye kifungu cha 33 kilimngoja. Na ile miezi mitatu iko pale pale kwa asiyekuwa na mia tano mfukoni. Sheria haikuandika jina la mtu yeyote, najua, lakini simama Mwembe Tayari usiku uhesabu nani apandishwa gari na nani aambiwa pole mkubwa.

Sasa njoo ufuoni, hapa ndipo mambo yanapokuwa wazi kuliko popote.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ya umma. Kila mtoto wa Pwani alijua hivyo kabla katiba haijaandikwa, ufuo hauna mwenyewe. Hoteli zinajenga juu ya huo mstari, zinaweka ukuta, ngazi, mlinzi, halafu vitanda vya kuota jua chini ya miavuli ya makuti. Mgeni alala pale na bia tangu saa nne asubuhi, na mimi sina ubaya naye, amelipia, hamsumbui mtu, mara nyingi asoma kitabu chake tu. Hatua chache mbele, upande wa bahari, vijana wamekaa kwenye mchanga na mnazi, yaani pombe ya kugemwa, ndani ya chupa ya soda. Askari wakipita, wale vijana huinuka bila hata kuambiwa. Mwili ushazoea.

Kuna kitu nimekishuhudia Bamburi na Shanzu mara nyingi. Bamvua likijaa, maji yapanda mpaka chini ya ngazi za hoteli, na yule mgeni ashuka na bia yake mkononi aingia majini mpaka kiunoni, anywa akiwa amesimama kwenye maji. Wakati ule, kwa katiba yetu, amesimama kwenye ardhi ya umma vile vile kama wale vijana. Hakuna anayemwambia kitu, na sisemi aambiwe. Nasema kama yeye yuko sawa pale, basi kilichowakosesha wale vijana si mahali na si kileo, kwa sababu vyote viwili wanavyo sawa. Kilichobaki ni kwamba yeye ana ngazi ya kurudia.

Watu wangu wa Mji wa Kale hapa wataniambia, sasa wewe wataka kila mtu anywe nje? La. Subirini.

Mimi nimekulia kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono miwili wagusa nyumba mbili. Pale hakuna siri. Mtu anywaye ajulikana na mtaa mzima, ajulikana anywa wapi na nani na siku gani. Lakini akirudi usiku apita njia ya nyuma, hapigi kelele, haingii msikitini na harufu, hasimami barazani kusalimia wazee. Na mtaa nao wamwachia. Hakuna atakayemtolea maneno mbele ya watoto wake. Siku atakapopita na chupa wazi mbele ya madrasa mchana, hapo ataitwa, na hataitwa na polisi, ataitwa na ami yake ama mzee wa mtaa, akalishwe chini aambiwe, mwanangu, ya ndani kwako ni yako na Mola wako, lakini hapa pana watoto. Na maneno hayo yanafanya kazi. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakiinamisha kichwa kwa maneno hayo, kitu ambacho pingu hazikukifanya.

Hiyo stara naipenda na naitetea. Ukiwa mgeni na ukaniuliza mbona Mombasa mji wa bandari wenye baa kila kona hauna walevi wengi wanaopiga mayowe kwenye vichochoro vya Kibokoni, jibu ni hilo, watu wanaonana aibu. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa, hata Wakristo majirani zetu wanaokunywa wanapunguza kujionyesha, na hakuna karatasi ya serikali iliyowaambia.

Lakini nisiipambe kupita kiasi. Stara hiyo hiyo inafunika mambo mabaya. Kuna nyumba ambazo mume anakunywa mpaka anapiga, na kila mtu asikia kupitia ukuta, na kila mtu anyamaza kwa sababu yako ndani ya mlango. Kuna vijana wamekufa na ini wakiambiwa wana homa ya manjano, familia yaogopa kusema, mpaka hospitali wapelekwa wakiwa wamechelewa. Na mwanamke je? Mwanamume akinywa aitwa mnywaji, mwanamke akionekana na glasi mara moja tu kwenye harusi ya rafiki yake ashapewa jina na hilo jina laenda naye mpaka posa zake zikatike. Kwa hivyo ukuta wa heshima nao una wanaoumia nyuma yake. Nimelisema hili kwa khalati zangu na walinyamaza tu, hawakukataa.

Sasa twende Kaloleni.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Akata ncha ya karara, afunga kibuyu, maji yadondoka tone kwa tone. Yakiteremshwa mapema ni matamu, mtoto aweza kuonja. Yanachachuka yenyewe, hakuna anayeyatia kitu, hewa ya huku na joto lake vyatosha, jioni ni makali, kesho yake ni makali zaidi, ukiyaacha yawa siki na siki yenyewe yapikiwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na minazi yake ya kugema na watu walijua ladha ya kila mmoja. Na pale mangwe, yaani kilabu cha mnazi kwa wasioijua Pwani, hapakuwa na ukuta hata wa makuti. Mwembe, magogo ya kukalia, vibuyu, mirija yenye nyuzi za kumbi mwishoni ili kuchuja takataka. Wazi kabisa, njia ya kwenda kisimani yapita hapo hapo. Ukitafuta mfano wa kunywa hadharani duniani, huo hapo.

Na palikuwa na sheria nyingi kuliko baa yoyote ya mjini! Mwenye kukaribisha aonja kwanza mbele ya macho ya wageni ili wajue hakuna sumu. Wazee watangulia. Koma, yaani roho za waliokufa, wamwagiwa kidogo chini. Mtoto akitumwa aleta ujumbe na kuondoka, hakai. Aliyeanza kuropoka aambiwa basi leo umetosha, na mrija wachukuliwa. Mahari bila mnazi haijakamilika, matanga bila mnazi watu watashangaa, kesi ya mpaka wa shamba ikiisha wanywa pamoja ili mashahidi wakumbuke kwamba imeisha. Sisemi hakukuwa na walevi, walikuwepo, babu aliwajua kwa majina na aliwanyima. Ila kunywa kulikuwa mbele ya macho ya watu, na macho yale ndiyo yaliyokuwa kizuizi. Upande wa baba watu wajizuia kwa kujificha wakinywa, upande wa mama wajizuia kwa kunywa wakionekana. Ni mambo mawili yaliyogeuziana mgongo na yote mawili yalikuwa yanafanya kazi kabla gari la askari halijafika.

Gari lilipofika lilifika vibaya. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipotoa amri ya kupambana na vileo vya viwandani vilivyokuwa vinaua watu kule Kati mwa Kenya, misako ilishuka mpaka huku na mnazi ukamwagwa pamoja na sumu. Februari 2024 tena, watu zaidi ya kumi wakafa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, msiba mkubwa, na Machi serikali ikatangaza masharti mapya nchi nzima, na hapo tena wagema wa Kilifi na Kwale wakaanza kujiuliza kama kesho watapanda. Nalia na wale waliofiwa, pombe iliyotiwa kemikali ni uuaji na anayeitengeneza afungwe. Lakini maji yaliyodondoka asubuhi kutoka kwenye karara yakanywewa jioni chini ya mwembe hayana uhusiano na hayo, na kuyamwaga ni kumwaga karo za watoto. Mama yangu alisoma kwa mnazi. Mjomba wangu anasomesha kwa mnazi mpaka leo.

Wageni nao wana yao, na nikiwasikiliza nagundua hata huko mbali kisa ni kile kile cha ukuta, kimevaa nguo tofauti.

Chukua Ujerumani, ambako wengi wa wageni wangu wametoka. Kijana wa miaka 16 aweza kununua bia, na sheria yao imemruhusu hata wa 14 kuinywa akiwa na mzazi. Kunywa barabarani kwa ujumla si kosa. Mzee mmoja wa Hamburg, tukiwa tumesimama Mama Ngina, aliniambia kwao wasiokunywa barabarani ndio wenye bustani. Hata hivyo Hamburg hiyo hiyo tangu 2011 imekataza pombe kwenye mabasi na treni za mji. London ilitangulia, 2008, Meya Boris Johnson alipopiga marufuku pombe kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi. Kwa hivyo hata hao tunaowaona huru wana mahali wameweka mstari, na wameuweka pale watu wanapobanana bila njia ya kutoka, jambo ambalo mimi naliona ni la akili sana. Ukishawahi kupanda matatu ya Kisauni usiku na mlevi amekulalia begani utaelewa.

Marekani sitakaa sana, kila jimbo na lake, New Orleans watembea na kikombe cha plastiki na mji mwingine wakamatwa kwa hicho hicho, na umri ni 21 tangu serikali yao kuu mwaka 1984 ilipotishia kunyima majimbo pesa za barabara.

Iliyonigusa zaidi ni Singapore. Desemba 2013 kulitokea ghasia mtaa wa Little India baada ya basi kumgonga na kumuua mfanyakazi kutoka India. Mtaa ule siku ya Jumapili wajaa wafanyakazi wa ujenzi wa kigeni, watu wanaolala kwenye mabweni, vitanda juu ya vitanda, siku yao ya mapumziko ni moja, na wakitaka kukaa na wenzao wa kijijini kwao waongee lugha yao, sebule yao ni ile barabara. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria, marufuku kunywa mahali pa umma kuanzia saa nne na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi nchi nzima, na Little India na Geylang zikawekewa masharti makali zaidi ya wikendi. Kwa mwenye nyumba, sheria hiyo haikumgusa, ataendelea kunywa barazani kwake. Kwa mtu wa bwenini imemchukulia sebule. Nikisoma hayo nawaona vijana wetu wa Likoni na wa mtaa wa Bangladeshi hapa Mombasa, chumba kimoja watu sita, jua limewaka makuti na mabati, unawaambia wakanywe kwao, kwao wapi?

Japani ambako kunywa nje ni ruhusa, wilaya ya Shibuya pale Tokyo tangu Oktoba 2024 imekataza kunywa barabarani karibu na stesheni saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na waliotajwa sana ni vijana na watalii, yaani tena wasiokuwa na pa kukaa.

Ghuba ndiyo sisi watu wa Mombasa twaijua vizuri maana kila nyumba ina mtu huko. Saudia ilikuwa na pombe kidogo kwa wageni mpaka mwaka 1951 mwanamfalme Mishari akiwa amelewa alipompiga risasi na kumuua Cyril Ousman, makamu wa konseli wa Uingereza kule Jeddah, na 1952 Mfalme Abdulaziz akapiga marufuku kabisa. Zaidi ya miaka 70 baadaye, 2024, duka likafunguliwa Riyadh, kwa wanadiplomasia wasiokuwa Waislamu peke yao. Qatar nako, Kombe la Dunia 2022, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza ikatangazwa bia haitauzwa viwanjani. Ndugu yangu mdogo alikuwa Doha wakati huo akifanya kazi ya usafi, akanipigia akaniambia, kaka, juu huko kwenye vyumba vya wakubwa vinywaji viko, waliofungiwa ni wa viti vya kawaida. Na ndivyo ilivyokuwa, vyumba vya kifahari ndani ya viwanja viliendelea kuhudumiwa. Mimi ni Mwislamu na naunga mkono nchi ya Kiislamu kukataza kileo kwa sababu Mungu amekikataza, sina shaka na hilo. Lakini katazo la Mungu halina chumba cha wakubwa. Likiwa na chumba cha wakubwa, hilo ni katazo la binadamu.

Hata Gujarat, ambako mababu wa majirani zetu wengi Wahindi wa Mombasa wametoka, jimbo lile halina pombe tangu lilipoundwa 1960, lakini kuna vibali kwa watalii na kwa sababu za afya, na mwishoni mwa 2023 wakalegeza kwa eneo la biashara la GIFT City, wafanyakazi wa makampuni na wageni wao. Zanzibar hapa jirani, Januari 2024 waziri wa utalii Simai Mohammed Said alijiuzulu wakati visiwa vina uhaba wa pombe mahotelini, na sote tulifuatilia. Uhaba wa mahotelini ukawa habari ya dunia.

Nasi ukuta huu hatukuujenga wenyewe. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba uliozuia biashara ya pombe kali sehemu kubwa ya Afrika, wakisema wamlinda Mwafrika. Miaka michache tu baadaye, 1897, Wazungu wa Mombasa wakaanzisha klabu yao pale jirani na Fort Jesus, ukuta, roshani, bahari mbele, na glasi mezani. Nairobi miaka ya 1920 manispaa ikajenga kilabu chake Pumwani, Mwafrika anywe hapo ndani ya ua wa serikali na pesa ziingie kwa serikali, akitengeneza kwake akamatwe. Nikiwapitisha wageni pale mbele ya Fort Jesus huwa nawaeleza haya yote, wengine hawapendi, wengi husimama wakauliza zaidi. Fikra ile kwamba mtu maskini akinywa ni hatari na tajiri akinywa ni mapumziko ilikuja na meli, na bendera ilipoondoka, fikra yenyewe ikabaki.

Ndiyo maana Julai 2025, serikali ilipozindua ile sera mpya ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, nilikaa nikaisoma kwa makini. Yapendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 mpaka 21. Yapendekeza pombe isiuzwe supamaketi, vituo vya magari, vituo vya mafuta, wala kupitia mtandao. Na yapendekeza isiuzwe ufuoni. Watu wa mahoteli wakapiga kelele, NACADA nayo, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ikasema hii ni sera, bado haijawa sheria.

Mengine nayakubali. Umri wa 21 naukubali, nimeona watoto wa shule wakinunua kwa jina la kaka zao. Vituo vya magari naukubali kwa moyo wote, dereva wa matatu hafai kuwa na duka la pombe mbele ya mlango wake. Pombe ndani ya matatu na tuktuk ningeikataza kwa kila mtu, kama Hamburg. Lakini "ufuoni" ina maana gani? Ikiwa maana yake ni kila mtu, basi vitanda vile vya Nyali navyo, mwavuli navyo, mgeni naye. Na kama mahoteli yatasemewa kwamba yao ni ndani ya mpaka wao, basi kilichokatazwa ni wale vijana wa kwenye mchanga na mama anayeuza mnazi kwenye jerikeni kule ufuo wa Pirates Jumapili, na hapo tutakuwa tumerudi mwaka 1890 kwa wino mpya. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, mahakama ikaisimamisha haraka kwa sababu wakulima wa Embu walikuwa na sauti. Wagema wana sauti ya nani?

Mimi ningependa sheria iangalie mambo matatu manne tu ambayo hata mtoto ayaelewa. Umefanya fujo? Umemtukana mtu, umemgusa mwanamke, umekojoa njiani, umevunja chupa mchangani watoto watembeapo pekupeku? Basi shikwa, uwe na chumba hotelini ama ulale Bangladeshi, na adhabu iwe kusafisha ule ufuo badala ya mia tano ambazo mwingine hazisikii na mwingine zampeleka jela ya Shimo la Tewa. Mbele ya shule, madrasa, msikiti, kanisa, hapana kwa wote, Mzungu kwa Mswahili. Na mangwe zipewe leseni zao za bei nafuu chini ya mwembe wao, mgema ajulikane jina, mnazi upimwe, ili anayetia kemikali ashikwe peke yake.

Hiyo sera ikitaka kuwa sheria itabidi wananchi washirikishwe, katiba yetu yataka hivyo, na desturi ni kwamba mikutano kama hiyo huitishwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na waliofika ni wenye hoteli, viongozi wa dini na watu wa ofisi. Naomba safari hii mmoja uitishwe Kaloleni na mmoja Likoni. Nitakuja na katiba yangu nimeweka alama kifungu cha 62. Mjomba wangu naye amesema atakuja kuongea, ila mkutano uwekwe mchana, manake asubuhi na jioni anakuwa juu ya mnazi.